Neno Chini ya Picha

Baraka, 11 Februari 2024

Kwa Tania mkwe wangu, pamoja na Chérie mjukuu wangu,

Nawasalimu kutoka huku chini kwenye joto, nyinyi mliokaa juu kwenye ukungu. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika asubuhi. Ziwa limeanza kupanda tena. Kwa jirani yangu Siti maji yameingia mpaka jikoni, naye amepandisha jiko lake juu ya meza na anaendelea kupika kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwambie Chérie kuku wake mwekundu ametotoa vifaranga saba, kunguru akachukua wawili, na mimi nimemtukana kunguru kwa niaba yake.

Uliniuliza kwa nini sipokei simu. Nimekwisha kukueleza. Ile miezi niliyokuwa nampigia mwanangu Eddy, yule mwanamke wa ndani ya simu alikuwa ananiambia kwa adabu zote kwamba namba haipatikani. Tangu hapo simu imenitoka moyoni. Barua haina mwanamke ndani. Yasini wa pikipiki anapanda Fizi kila wiki barabara ikimruhusu, mpe yeye.

Sasa tuongee filamu, maana najua ndicho unachosubiri. Sinema ya mumeo imejaa Jumapili mbili mfululizo. Unajua Eddy alikuwa anashika kipaza sauti na kuwatafsiria watu kila kinachosemwa, Kifaransa na kile Kiingereza chake cha kuokoteza. Mimi sijui hata lugha moja kati ya hizo. Naangalia nyuso, nasema. Mpaka leo hakuna aliyedai nimekosea.

Jumapili iliyopita nilionyesha filamu ya kweli, siyo ya kuigiza, juu ya mnyama mkubwa mwenye manyoya anayeitwa dubu. Analala chini ya theluji miezi mitano, hali, hanywi, haonekani. Niliwaambia watu kwamba amekimbia kodi ya soko. Walicheka, na baada ya muda nusu ya sinema walikuwa wamelala, watoto mapajani. Mwanga wa mchana ulipita kwenye matundu ya misumari ya bati ukaangukia kitambaa cheupe, ile theluji ikapata nyota. Nikashusha sauti nisimwamshe mtu. Nilikuwa nawaza kwamba kumbe kiumbe anaweza kupotea kwa watu muda mrefu hivyo, na bado yupo.

Kulikuwa na ile nyingine pia, ya Kihindi, ya kijana aliyerudi nyumbani baada ya miaka ishirini na mama yake akamtambua kwa kovu la kidevu. Watu wanasema ni uongo mtupu. Waigizaji walilia kupita kiasi, hilo nakubali, lakini sikucheka.

Alphonse, baba mdogo wa Eddy, alikuja tena Alhamisi kunishika masikio. Anataka tukae kilio cha Eddy, kwa sababu Juni itakuwa miaka mitano tangu mlima wa Misisi ulipoangukia mashimo ya dhahabu. Nilimuuliza, nani alimwona? Wengine wanasema asubuhi ile Eddy, aliyekuwa huko kuonyesha filamu, aliacha jenereta yake akashuka shimoni kumwita rafiki. Wengine wanasema aliondoka siku moja kabla, juu ya pikipiki, kuelekea magharibi. Mwili hakuna. Alphonse akanipigia methali, asiyekuwepo na lake halipo. Nikampa bugali na samaki wa mikeke, akala, akaenda. Kumlilia mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi, na mimi jembe hilo sishiki.

Wale mabinti wa kamera waliokuja mwaka jana kupiga picha za wanawake wa kando ya ziwa wameniletea habari kwamba filamu yao iko tayari. Nitakuwa ndani yake. Utanicheka.

Mama yako,
Adolphine


Fizi, 6 Machi 2024

Mama mpendwa,

Barua yako ilifika imelowa pembe moja, lakini maneno yote yalikuwemo. Huku ukungu hautoki mpaka saa nne. Asubuhi nikienda shuleni nasikia wanafunzi wananisalimia kabla sijawaona, na wakati mwingine najibu salamu isiyokuwa yangu. Chérie ameng'oka meno mawili ya mbele. Akisema neno lenye s anapiga mluzi bila kutaka, kwa hiyo siku hizi anasema sana sombe na samaki. Anashukuru kwa matusi ya kunguru.

Nilimsomea ile ya dubu, akataka niisome tena mara mbili. Mimi pia nilicheka kwa kodi ya soko. Lakini Mama, huyo mnyama wanajua pango lake liko wapi.

Na mimi nimeona filamu. Mwenzangu wa shule, Patrice, anayefundisha biolojia, ana kompyuta, na Jumapili tulikaa kwenye ukumbi wa parokia tukaangalia ya jangwa. Watu wanatembea na ngamia siku ishirini kwenda kuchimba chumvi. Hakuna anayeongea. Upepo unafuta nyayo zao, na wao hawageuki kuziangalia. Watu wengi walisema inachosha. Mimi nilikaa nyuma peke yangu nikaipenda, nikaenda nyumbani nikaota mchanga unaingia darasani polepole, wanafunzi wanaandika, mchanga unapanda mpaka kwenye madaftari, na mimi sioni sababu ya kuwaambia waache. Nilipoamka nilijisikia nimepumzika.

Baadaye tulionyesha wanafunzi ya mapigano. Shujaa anaanguka kutoka ghorofa ya tatu, anasimama, anakung'uta koti. Watoto walipiga makofi, kisha Patrice akasimama kuwaeleza mifupa mingapi ingekuwa imevunjika, akawaharibia furaha yote. Wanafunzi walimzomea Patrice mpaka nje.

Mama, kuna jambo sijui nikuambie kwa njia gani, basi nalisema wazi. Kila mwaka shule inatupa karatasi ya kujaza. Kuna mahali wanauliza: mke, mjane, au hujaolewa. Miaka minne niliandika mke, na mkurugenzi ananiangalia juu ya miwani. Mwaka huu niliacha nafasi hiyo wazi. Nina miaka thelathini na miwili. Ukoo ukikaa kilio nitajua mimi ni nani, bila kilio sijui, na kanisa halijui. Sikusukumi, Mama. Nilitaka tu uijue hiyo nafasi.

Kuhusu wale wa kamera, nilisikia kwamba wamemaliza. Bila shaka itakuwa nzuri.

Mtoto wako,
Tania


Baraka, 18 Aprili 2024

Tania,

Barua yako ilikaa ng'ambo ya mto wiki nne, daraja lilikuwa limeondoka na mvua. Yasini anasema alilala juu yake kama mto wa kulalia isiibwe. Naamini, ilikuwa imekunjamana.

Sisi huku tumekuwa samaki. Ziwa limefika mlango wa sinema. Nilipanga matofali, nikaweka mabenchi juu, watu wakaja vilevile, wakakaa na miguu ndani ya maji. Mwanga wa filamu ulikuwa unapiga ukuta, unarudi majini, unapanda tena juu ya bati, mpaka ukashindwa kujua picha yenyewe iko upande gani. Siti alisema ni mara ya kwanza anaangalia sinema kwa nyayo.

Na kwa bahati nilikuwa nimechagua ya samaki. Hii ingekupendeza. Ni samaki wanaozaliwa mtoni, wanaenda bahari kubwa miaka mingi, halafu siku moja kitu kinawaambia, wanarudi. Wanapanda maji yanayoshuka, wanaruka mawe, wanyama wanawangojea juu, wao wanarudi tu mpaka mto uleule, kijito kilekile. Hakuna anayewaonyesha njia. Petroli iliisha kabla ya mwisho, nikawamalizia watu kwa mdomo: walifika, mama zao wakawapokea, wakala. Bamama walipiga vigelegele. Uniambie kama wewe umeiona na kama nilikosea sana.

Nafasi yako ya wazi nimeisoma. Nimeisoma mara nyingi. Leo naiacha wazi kama ulivyoiacha.

Lakini huyo mwalimu wa biolojia umemtaja kwa jina mara tatu katika barua moja. Dubu ulimtaja mara moja tu, halafu ukamwita mnyama.

Filamu yetu ya kina mama wataonyesha tarehe 27, saa tisa mchana, kwenye ukumbi wa parokia. Nimeshona nguo mpya. Mtu hawezi kujiona akiwa mkubwa ukuta mzima halafu amevaa kitenge cha jikoni.

Mama Adolphine


Baraka, 2 Mei 2024

Tania, amani kwako na kwa mtoto.

Sijapata jibu lako na siwezi kulingoja. Mimi ni mzima. Kuku ni wazima. Nakuandikia jambo lililotokea.

Walifunika madirisha kwa mablanketi, ukumbi ukajaa mpaka kwenye ngazi. Filamu ni nzuri, siwezi kuwanyima haki yao. Kuna bamama wa kijiji cha Swima wanaanika ndagala, na kamera inawaangalia kutoka mbali mpaka wale samaki wadogo wanang'aa kama mchanga umeamka. Kuna mwingine anayetengeneza mashua, mwanamke, nyundo mkononi. Halafu nikaja mimi. Nimekaa mbele ya mlango wa sinema, namenya mihogo. Binti wa kamera haonekani, inasikika sauti yake tu, anasema, na mwenye sinema yuko wapi? Nami najibu:

“Eddy haiko.”

Basi. Naendelea kumenya. Hivyo ndivyo nilivyosema na ndivyo nilivyosikia nikisema.

Lakini chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kifaransa. Wanafunzi, wale wanaosoma, ndio walikuwa wa kwanza kunigeukia. Wakawanong'oneza mama zao. Kimya kikatembea benchi kwa benchi mpaka kikanifikia. Mwanamke wa nyuma yangu akaniwekea mkono begani akasema, pole Mama. Nikadhani ni pole ya mihogo.

Jumatatu asubuhi nilifungua mlango nikakuta kuni. Halafu unga. Halafu wanawake na mikeka, vitambaa vya kichwa wamevifungua, wamekaa chini uani mwangu. Alphonse akaja analia kwa sauti, ananishukuru kwa ujasiri. Nilisimama katikati yao na ufagio mkononi. Nikamwita Divine, mjukuu wa Siti, anasoma darasa la mwisho, nikamvuta pembeni.

“Pale chini baliandika nini?”

“Baliandika Eddy alikufa, mama.”

“Mi nilisema haiko.”

“Ndiyo, mama. Njo ile ile baliandika,” akasema, kana kwamba hayupo na amekufa ni neno moja.

Niliwafukuza wote. Kwa heshima, lakini niliwafukuza. Kuni nimezirudisha, unga umebaki kwa sababu kila mtu alikataa kuuchukua. Sasa nikipita sokoni watu wanaongea chini chini. Miaka mitano nimemshikilia yule mtoto kwa mdomo wangu, nikikataa kusema, na sasa nimesemeshwa ukuta mzima, na nguo mpya mwilini.

Wewe ni mwalimu wa Kifaransa. Nieleze. Haiko, kwa Kifaransa, ni kufa?

Mama


Fizi, 20 Mei 2024

Mama mpendwa,

Pole kwa yaliyokupata. Sisi ni wazima, Chérie anauliza kama uliwapikia wale wageni.

Kwa Kifaransa kuna maneno mawili yaliyokaribiana. N'est pas là, maana yake hayupo hapa. N'est plus, maana yake amefariki. Aliyetafsiri alichanganya. Ni kosa dogo, hutokea, nafasi chini ya picha ni nyembamba na watu wanaharakishwa. Usiliweke sana moyoni.

Ile ya samaki sijaiona, lakini nilivyoambiwa ni nzuri sana. Juzi niliona ya nyota, jinsi mwanga wake unavyotoka mbali mpaka unafika kwetu umechelewa. Ilikuwa na muziki mzuri. Sikuelewa yote.

Nina madaftari mengi ya kusahihisha, nakatisha hapa.

Tania


Fizi, 16 Juni 2024

Mama,

Salamu zangu leo ni fupi, nisamehe. Chérie ni mzima, amelala mchana huu kwa sababu ya mafua kidogo. Nakaa kando yake ninaandika. Leo ni siku ile, miaka mitano. Najua na wewe unajua.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ukurasa mmoja, ule niliokutumia mwezi uliopita. Hakuna mtu aliyechanganya maneno. Aliyetafsiri ni mimi.

Wale mabinti wa kamera walipanda Fizi mwezi wa kumi na moja. Walitafuta mtu anayejua Kiswahili cha huku na Kifaransa cha kuandika, parokia ikawapa jina langu. Nilikaa siku tatu katika ofisi ya padre na kompyuta yao. Bamama wa Swima niliwatafsiri vizuri, yule wa mashua vizuri. Halafu ukaja wewe. Mama, sikuwa nimekuona kwa miezi saba, na ghafla uso wako ulikuwa mkubwa mbele yangu, na kisu, na mihogo, na ile kompyuta ukiibonyeza inarudia. Eddy haiko. Eddy haiko. Nilikusikiliza mpaka neno likapoteza maana, likawa sauti tu, kama mtu anayepuliza moto.

Kwanza niliandika n'est pas là. Ilikuwa sahihi. Nikaenda kufundisha. Saa sita nikarudi, nikafuta, nikaandika lile lingine. Nilijiambia ni kwa sababu ni fupi zaidi, maana walitaka maneno mafupi. Nikawa mjane saa sita mchana, kwa kidole. Nilitoka nje nikashangaa kwamba watu wananisalimia kawaida.

Patrice alikuwa ameniomba nimwoe, namaanisha anioe, unaona hata kalamu inanichanganya. Alikuwa ameniomba mwezi mmoja kabla ya hapo. Nilimjibu kwamba sijui mimi ni nani. Yeye hakunituma kufanya hili na mpaka leo hajui. Ukitaka kumchukia mtu, mtu ni mmoja tu.

Nikuambie na hili, kwa sababu nimechoka kuficha. Wale samaki wako wanaorudi, nilimuuliza Patrice, naye ndiye anayejua viumbe. Wakifika kwenye kijito chao wanataga mayai halafu wanakufa, wote. Huo ndio mwisho ambao petroli ilikunyima. Nilikuandikia kwamba ni filamu nzuri tu, kwa sababu sikuweza kukuambia.

Eddy huwa namwota. Amesimama sinema na kipaza sauti, midomo inacheza, sauti haitoki, watu wote wananigeukia mimi niwatafsirie. Sijawahi kupata neno hata moja. Naamka mdomo umekauka, na nje ni ukungu, na kwa muda mfupi sijui kama nimeamka kweli. Nilimpenda mwanao, Mama. Na nimechoka kumngojea. Yote mawili ni kweli, na siku ile kwenye kompyuta nilikuwekea wewe mdomoni kile nilichoshindwa kusema mimi.

Nimewaandikia mabinti wa kamera. Filamu imekwisha kwenda miji mitatu, lakini wanaweza kubadilisha maandishi ukitaka. Wanangoja neno lako. Mimi pia.

Usiponijibu nitaelewa.

Tania


Baraka, 25 Agosti 2024

Tania,

Nawasalimu wewe na mtoto. Maji yamerudi nyuma, yametuachia matope na sufuria isiyokuwa ya mtu yeyote. Vifaranga watatu wamekuwa majogoo, wanapigana kutwa. Mimi nipo.

Barua yako ilinifikia tarehe mbili Julai. Siku hiyohiyo nilifunga sinema. Yasini alipokuja kuuliza kama kuna jibu nilimwambia aendeshe pikipiki yake. Nilikuwa na hasira ambayo sikuijua. Nikipika, nakuita mwizi. Nikifagia, nakuita mwizi. Siti alinivumilia wiki tatu, halafu akaniuliza kimeibwa nini, nikazidi kukasirika.

Watu walikuwa wanagonga mlango wa sinema. Nikafungua, kwa ajili ya watoto. Jumapili ya kwanza kulikuwa na filamu ya mzee mmoja na mke wake, wazungu, kwenye nyumba iliyo karibu na mwamba. Mke anasema jambo refu, mzee anaangalia dirisha. Nikawaambia watu kwamba mama anasema alimficha mzee barua ya mtoto wao miaka yote. Ukumbi mzima ukaguna. Mimi nikakishusha kile kipaza sauti, wakadhani betri imekufa. Nani aliniambia kwamba yule mama alisema hivyo? Huenda alikuwa anaomba chumvi. Miaka mitano nawawekea watu maneno mdomoni kila Jumapili, na nashangiliwa.

Mabinti walikuwa wameniachia filamu yetu kwenye flash. Jumatano moja, saa saba mchana, niliingia sinema peke yangu nikaiwasha. Spika ziliingia maji wakati wa mafuriko, sauti haitoki. Nikaacha hivyohivyo. Kipaza sauti nilikishika kwa mazoea.

Wakapita wa Swima, akapita wa nyundo, akaja yule mama wa mihogo. Nilimwangalia kama ninavyowaangalia wengine, mtu nisiyemjua wala lugha yake. Anaulizwa kitu. Kisu kinasimama. Anaangalia mlango wa sinema, halafu mikono yake. Anafungua mdomo, anasema kidogo sana, anafunga. Na anarudi kwenye mihogo haraka, kama mtu anayeogopa kuulizwa tena. Nikarudisha nyuma nikamwangalia mara ya pili. Matundu ya bati yalikuwa yamemmwagia nukta za mwanga usoni na yeye hazimsumbui. Nilijua anasema nini. Nikasema kwenye kipaza sauti, humo ndani mtupu:

“Mutoto wa huyu mama alikufa. Anajua. Alijua zamani.”

Hakukuwa na mtu wa kunibishia. Nilikaa mpaka filamu ikaisha, na baada ya kuisha nikakaa tena.

Usije ukadhani nakusifu. Ulichofanya ni kibaya. Haikuwa kazi yako kunisemea kabla sijasema, na ulifanya watu wote wa Baraka wajue habari za nyumba yangu kabla yangu. Hasira bado ipo, imepungua tu. Waandikie wale mabinti warudishe lile neno la kwanza, la hayupo. Siku ile nilisema hayupo, na filamu ni lazima iseme nilichosema. Lile la pili nitalisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu.

Tutakaa kilio Jumamosi tarehe 14 Septemba. Nimemwambia Alphonse, akalia tena, yule mzee ana machozi ya akiba. Padre amekubali. Chérie mwambie wewe, kwa lugha yoyote atakayoielewa, na usimfiche mwisho. Baada ya hapo ile nafasi ya karatasi uijaze unavyojua. Mwalimu wa biolojia aje siku ya tatu kama mgeni, abebe mabenchi. Nataka kumwona uso kabla hajaniambia lolote.

Wengine wote watafika Jumamosi. Wewe njoo Alhamisi, mchana, kabla ya mikeka kutandikwa. Watakapokuja nitalia kama inavyopasa. Kabla ya hapo nataka nilie na mtu mmoja.

Mama yako,
Adolphine